Pazia la Kona Nne

Kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi walikuwa wakikimbilia uwanjani huku mifuko ikiwapiga migongoni. Binti mmoja alikimbilia upande wa pili, kwenye chumba cha kompyuta. Alivua viatu mlangoni, maana mle ndani viatu ni marufuku, akachukua kitambaa kikavu na kuanza kufuta vumbi kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na umbo dogo, hajui kukaa bure, na kila ukimwona amebeba kitu: ufagio, kiti, au rundo la madaftari ya darasa zima. Ndiyo maana shule nzima ilimwita Sisimizi. Hata mama yake alikuwa akijisahau na kumwita hivyo nyumbani.

Mwalimu wa kompyuta naye alikuwa na jina lake la siri. Wanafunzi walimwita Mwalimu Waya, naye alijua, ila alijifanya hajui. Programu waliyojifunzia kuchora haikuhitaji kuandika mistari mirefu ya maagizo. Skrini ilijaa visanduku vidogo, kila kimoja na kazi yake: hiki kinaleta umbo, kile kinatia rangi, kingine kinatoa mwendo. Kazi yako ni kuvuta waya kwa kipanya kutoka kisanduku hiki hadi kile, mpaka picha itokee. Ikigoma kutokea, Mwalimu alikuja kusimama nyuma yako, mikono mgongoni, na kusema maneno yaleyale, "Fuata waya." Hapo unarudi kwenye kisanduku cha kwanza na kutafuta ulipokosea.

Muhula ule klabu ya kompyuta ilipewa kazi ya heshima. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na wanafunzi walikuwa wametengeneza filamu fupi ya maisha yao shuleni. Ingeonyeshwa kwa projekta kwenye ukuta mweupe wa ukumbi. Mwalimu Mkuu alitaka kabla ya filamu lionekane pazia jekundu ukutani, linapepea kama la kitambaa, kisha lifunguke pande mbili na filamu ianze.

"Nani atalitengeneza?" Mwalimu aliuliza.

Mkono wa Sisimizi ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Wa rafiki yake ukafuata. Huyu aliitwa Redio, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuzimwa.

"Haya, mmepata kazi," Mwalimu alisema. "Sikilizeni basi. Pazia hili mtalianza kama ubao bapa. Kitakacholipa mikunjo ni sheda. Sheda ni maelekezo mafupi ambayo kila kona inapewa: wewe sogea mbele kidogo, wewe rudi nyuma kidogo. Sheda haijui pazia, inajua kona tu. Mkiona pazia halikunjiki, ongezeni kona. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimuuu!" Sauti ya Sisimizi ilizipita zote.

"Mnamwona Sisimizi? Huyu ameelewa. Wengine muige."

Moyo wa Sisimizi ulijaa kama mkate ndani ya tanuri. Na kweli alikuwa ameelewa, kwa namna yake. Kona alizijua vizuri. Njia ya kwenda kwao ilikuwa na kona kali ambapo kila dereva alipunguza mwendo na kupiga honi. Kuongeza kona ni kuongeza mipindo. Kuna ugumu gani hapo?

Alikaa, akaweka kisanduku cha ubao bapa na kukipaka rangi nyekundu. Akaleta kisanduku cha wimbi, ambacho kazi yake ni kupanda na kushuka bila kuchoka, akavuta waya kutoka kwenye wimbi hadi kwenye sheda, na kutoka kwenye sheda hadi kwenye ubao. Akabonyeza. Pazia likatikisika lote kwa pamoja, upande mmoja ukaja mbele na upande wa pili ukaenda nyuma. Lilikuwa limenyooka vilevile.

"Hilo pazia au mlango wa choo?" Redio aliuliza.

"Subiri. Naongeza kona."

Akaongeza namba kwenye kisanduku cha wimbi. Pazia likayumba zaidi. Akaongeza tena. Sasa liliyumba kama mlango uliong'oka bawaba kwenye upepo mkali. Akaongeza mpaka likaruka nje ya skrini na kubaki giza tupu.

"Limekwenda zake," Redio alisema. "Limesema kazi gani hii, siitaki."

Mwalimu alipita nyuma yao. "Sisimizi, umeongeza kona?"

"Nimeongeza, Mwalimu. Nyingi sana!"

"Safi. Basi kama bado, fuata waya." Akaenda kwa wengine.

Sisimizi akafuata waya. Siku hiyo alifuata, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alivunja kazi yote na kuijenga upya. Waya ulikuwa sawa, rangi ilikuwa sawa, na pazia lilikuwa bapa kama sinia. Mara kadhaa alimtazama Mwalimu na kutaka kumwita, kisha akarudi kwenye visanduku vyake. Angeanzaje? Yeye ndiye aliyeambiwa ameelewa. Wenzake ndio walioambiwa wamuige. Aende sasa akaseme hajui hata pa kuanzia? Aliona bora aendelee kuhangaika.

Jambo likawa baya zaidi siku Mwalimu Mkuu alipochungulia dirishani, suti yake imenyooka kama yeye mwenyewe.

"Pazia letu vipi, mabinti?"

Redio akainama haraka kama anayetafuta kitu chini ya meza. Sisimizi akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, "Liko tayari, Mwalimu."

"Hongereni sana! Basi nawatangazia wazazi kabisa."

Alipoondoka, Redio aligeuka taratibu. "Tayari lipi, mwenzangu?"

"Hata mimi sijui. Limenitoka tu."

"Sasa umelisema, lazima tulipate." Redio akakuna kichwa kwa kalamu, kisha macho yakamng'aa. "Tutafute picha ya pazia la kweli, lenye mikunjo yake, tuibandike juu ya huu ubao. Wazazi watakaa mbali. Nusu yao watakuwa wamesahau miwani. Nani atajua?"

Wakabandika. Kwa mbele lilipendeza, huwezi kukataa. Mikunjo ilionekana, vivuli vilionekana. Lakini mwendo ulipoanza, mikunjo ile ilibaki palepale ilipochorwa, na ubao mzima ukapinduka kwenda na kurudi, kama kalenda ukutani inayopigwa na feni. Redio alicheka mpaka akashika meza. Sisimizi alicheka naye, ila kicheko hakikufika tumboni. Mama yake alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kuona pazia la mwanawe. Aje kuona kalenda?

Jioni hiyo alipitia dukani kumsubiri mama waende pamoja nyumbani. Mama aliuza katika duka la dawa, nyuma ya kaunta ya kioo, amevaa koti jeupe lenye kalamu mfukoni. Sisimizi alikaa kwenye kigoda cha pembeni. Mbele ya kaunta alisimama mzee mmoja, kofia mkononi.

"Kidonge kimoja, baba," mama alimwambia. "Asubuhi na jioni, baada ya kula."

"Nimeelewa, mwanangu. Ahsante." Mzee akanyoosha mkono kuchukua dawa.

Mama hakuiachia. "Sasa nirudishie mimi. Utazimezaje?"

"Si umesema? Nikila, nameza."

"Kila ukila?"

"Kila nikila, ndiyo."

"Na kwa siku unakula mara ngapi, baba?"

Mzee akafikiri. "Tangu nimestaafu, nakula kila nikikumbuka."

Mama akacheka, na mzee akacheka zaidi yake. Mama akachukua kalamu, akachora jua upande mmoja wa pakiti na mwezi upande wa pili. "Jua likitoka, ukishakula, kimoja. Jua likizama, ukishakula, kimoja. Katikati hapo kula unavyotaka, dawa usiiguse." Mzee akarudia neno kwa neno, na safari hii mama akaachia pakiti.

Alipotoka, Sisimizi aliuliza, "Mama, kwani yule babu alikudanganya? Si alisema ameelewa?"

"Hakunidanganya. Alielewa kweli, ila alielewa la kwake. Mimi nilisema la kwangu. Mtu akinirudishia kwa mdomo wake, hapo ndipo najua kama tuko njia moja." Mama akamtazama vizuri. "Na wewe uso umekunjamana hivyo kwa nini?"

"Hamna kitu."

"Hiyo hamna-kitu yako naijua tangu unanyonya. Haya, sema."

Akasema yote. Alisema habari za kona zilizoongezwa mpaka pazia likaruka nje, akaeleza walivyobandika picha, na mwisho, kwa sauti ndogo, akamwambia mama jinsi alivyomjibu Mwalimu Mkuu. Mama alimsikiliza huku akipanga chupa rafuni.

"Mimi mambo ya visanduku na nyaya siyajui, usinitazame hivyo," alisema hatimaye. "Ila nenda kamrudishie mwalimu wako alichokuambia. Mwambie ulivyosikia na ulivyofanya. Ukiona aibu, vumilia, itapita. Hilo la Mwalimu Mkuu nalo utalinyoosha mwenyewe, mwanangu. Sitakusemea."

Kesho yake Sisimizi alimkuta Mwalimu anafungua madirisha ya chumba cha kompyuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Sisimizi alivuta pumzi. "Mwalimu, nilisema nimeelewa. Sijaelewa. Uliniambia pazia likigoma niongeze kona. Nikaongeza, nikaongeza, likawa linayumba tu. Halikunjiki hata kidogo."

"Uliongezaje? Nionyeshe."

Akawasha mashine, akaenda kwenye kisanduku cha wimbi na kupandisha namba. Mwalimu alikunja uso. "Hapo unaongeza nguvu ya wimbi. Kona ziko wapi?"

"Si ndizo hizi? Naongeza mipindo. Kona, Mwalimu. Kama kona ya barabarani."

Mwalimu alimtazama. Akatazama skrini, kisha akamtazama tena. Ghafla akajipiga paji la uso na kucheka hadi akaegemea ukuta. "Kona ya barabarani! Jamani! Mimi nasema kona ya meza, mwenzangu uko njiani unapiga honi!"

Alichukua chaki, akachora barabara iliyopinda. "Hii ni kona." Pembeni akachora meza. "Na hii ncha ya meza inayokugonga kiunoni, nayo ni kona. Neno moja, vitu viwili. Wala siyo kosa lako peke yako. Mimi nilipaswa kulichora siku ileile. Sasa tazama."

Akabonyeza mahali, na rangi nyekundu ikatoweka. Palibaki mistari myembamba tu ya ubao na nukta nyeupe kwenye ncha zake. "Hizo nukta ndizo kona ninazosema. Una ngapi?"

"Nne."

"Sheda inapita kwa kila kona na kuiambia isogee. Sasa mimi nataka pazia lijikunje hapa katikati. Iambie kona ya hapa katikati irudi nyuma."

Sisimizi alitazama katikati ya ubao. Palikuwa patupu. "Haipo."

"Haipo. Kwa hiyo agizo atalipokea nani?"

Sisimizi aligusa skrini pale katikati kwa kidole. Kisha macho yakamtoka. "Kumbe nilikuwa napiga kelele kwenye chumba kisicho na mtu!"

"Umeona sasa," Mwalimu alisema, akasogea pembeni. "Kipanya hicho hapo. Watafute watu."

Alikagua visanduku mpaka akakiona kimoja alichokuwa akikiruka kila siku kwa kudhani hakina maana. Kiliitwa mgawanyo. Kilikuwa na namba mbili, moja ya upana na nyingine ya urefu, na zote zilikuwa moja. Akapandisha. Ubao ukajigawa kuwa vipande kama vigae vya sakafu, na kila kigae kikaja na nukta zake. Akapandisha tena, akarudisha rangi nyekundu na kuachia wimbi.

Pazia likakunjika.

Likakunjika! Mkunjo mmoja ukaja mbele, wa pili ukaingia ndani, mwingine ukafuata, polepole, kama kitambaa kilichoguswa na upepo wa dirishani. Kila kigae kilikuwa kimenyooka, lakini vilikuwa vingi na vidogo mno, jicho likaona mpindo mmoja laini. Sisimizi alipiga ukelele, Redio akaingia mbio na viatu miguuni.

"Viatu!" Mwalimu alimkemea.

"Mwalimu, viatu baadaye, hebu ona hilo pazia!"

Furaha ilimpanda Sisimizi kichwani. Kama kona nyingi ni tamu, basi nyingi zaidi ni tamu zaidi. Akapandisha namba zote mbili mpaka juu kabisa. Mashine ikaguna, pazia likasimama, likasogea kidogo, likasimama tena. Kisha skrini ikaganda.

"Umewaita watu wote wa mji kwenye chumba kimoja," Redio alisema. "Wamekosa hewa."

Mwalimu aliwaachia wenyewe. Alirudi kwenye madirisha yake.

Sisimizi aliizima mashine na kuiwasha upya. Akapunguza namba zote mbili. Mashine ikakimbia vizuri, lakini mikunjo ikawa na makali, kama karatasi iliyokunjwa na mtoto. Akapandisha zote, ikakwama. Akapunguza, makali yakarudi. Hapo akaiacha kibodi, akakaa na kulitazama pazia, kona zake zikiwa wazi. Mikunjo ilikuwa inatokea kushoto kwenda kulia. Toka juu kwenda chini hakukuwa na mkunjo wowote. Kila mkunjo ulishuka moja kwa moja hadi chini.

"Redio," alisema polepole, "zile kona za kwenda chini zinatusaidia nini?"

"Mimi naziona zimejipanga tu kama watu wa foleni."

"Hazifanyi kazi. Mkunjo unapita kwa upana tu."

Akapandisha tena namba ya upana peke yake. Ile ya urefu akairudisha hadi moja. Pazia likawa limegawanyika kama vipande vyembamba virefu, bega kwa bega. Akaachia wimbi. Mikunjo ikapita, laini kama mafuta, na mashine haikuguna hata mara moja.

Mwalimu alikuwa amesharudi nyuma yao bila kusikika. Alitazama namba, akatazama pazia. "Nani amekufundisha hilo?"

"Nimeliona tu, Mwalimu."

"Mimi sikukufundisha. Mimi ningekwambia upunguze zote nusu kwa nusu." Akatikisa kichwa, akitabasamu. "Hili limetoka kwako."

Mapumziko yalipofika, Sisimizi hakwenda kucheza. Alikwenda kusimama mlangoni kwa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, ile siku nilisema pazia liko tayari. Halikuwa tayari. Nilidanganya."

Mwalimu Mkuu aliweka kalamu chini. "Na mimi nimeshawatangazia wazazi."

"Najua, Mwalimu. Samahani."

"Leo limefikia wapi?"

"Leo linakunjika. Bado halijajua kufunguka. Tutamaliza kabla ya siku yenyewe."

Mwalimu Mkuu akaichukua tena kalamu yake. "Safari hii naamini," alisema, "kwa sababu umenitajia na kilichobaki. Nenda kamalize."

Wakamaliza, yeye na Redio, jioni baada ya jioni. Walikata pazia vipande viwili, wakaipa kila kona agizo jingine la kukimbilia pembeni, na walipovuta kitelezi, kile kitufe kinachoteleza kwenye skrini, mikunjo ilisongamana kama pazia la kweli linavyosongamana ukisukuma pete zake.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa, wengine wakasimama nyuma. Taa zilipozimwa, ukuta mweupe ukageuka mwekundu. Mwanzo watu walidhani ni rangi tu. Kisha wimbi likapita, mikunjo ikasogea, na mnong'ono ukaenea ukumbi mzima. Kitoto kimoja cha darasa la awali kikamtoroka bibi yake, kikakimbia hadi mbele na kushika ukuta kwa viganja viwili. Kikageuka, kimechanganyikiwa.

"Bibi! Ni ukuta!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na makofi yakaanza kabla filamu yenyewe haijaanza. Sisimizi akavuta kitelezi. Pazia likafunguka pande mbili bila kusita. Nyuma ya Sisimizi, mama yake alikuwa amesimama na koti lake jeupe la kazini, akipiga makofi mikono juu ya kichwa, hajali nani anamwona. Redio alikuwa anamweleza kila aliyekaa karibu, wapende wasipende, kwamba kona ni nukta, siyo mpindo wa barabara.

Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, Mwalimu aliwaendea, akampa mama mkono.

"Hongera, mama. Binti yako amefanya kazi."

"Asante, Mwalimu. Maana siku zile nilidhani ataumwa."

Mwalimu akamgeukia Sisimizi. "Nataka ulijue jambo moja. Hukulipata pazia hili siku uliyosema umeelewa. Ulilipata asubuhi ile uliyokuja kuniambia hujaelewa. Ukimficha mwalimu usichokijua, unamfungia mlango asikusaidie. Ukisema ukweli, hata kama unaona aibu, kazi inaanza hapohapo. Na ukishaonyeshwa njia, usiishie pale mwalimu alipokufikisha. Tumia jicho lako na jasho lako, kama ulivyofanya. Mimi nami nimejifunza. Siku hizi simuulizi mtu kama ameelewa. Namwambia anieleze."

Sisimizi alitaka kujibu, lakini kelele kutoka mbele zilimzidi. Watoto wa darasa la awali walikuwa wamejipanga chini ya ukuta, wote wamepandisha mikono, hawataki kwenda nyumbani.

"Pazia! Pazia! Tunataka pazia!"

"Si mmeshaiona filamu?" Mwalimu Mkuu aliwauliza.

"Hatutaki filamu! Pazia!"

Mwalimu Mkuu akamtazama Sisimizi na kuinua mikono kama mtu aliyeshindwa. Taa zikazimwa upya. Sisimizi akashika kipanya, na ukuta mzima ukajikunja kwa mawimbi mekundu juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wakirukaruka kuyashika.